Vikombe Kumi na Kimoja

Nilipoanza safu hii gazetini niliandika kwamba Waingereza wa kwanza kuhamia Amerika walikuta ardhi tupu na wenyeji wavivu. Maelezo yao niliyasoma mwenyewe kwa kamusi, bila mwalimu, na kila mkato niliukagua mara tisa. Sikujiuliza tu ni nani anayesema. Aliyeniuliza ni jirani yetu hapa Ibra, mji wa Kiarabu, mpimaji ardhi mstaafu, mzaliwa wa Unguja. Tumemzika Alhamisi.

Aliniita majlisi kwake, chumba cha kupokelea wageni. "Shikamoo, ami." "Marahaba. Hao wavivu wako, mahindi waliyowapa wageni wasife njaa yaliota yenyewe?" Mahindi yalikuwamo ukurasa uleule wa maelezo ya Waingereza. Niliyaruka kwa kuwa yaliniharibia aya. "Nimepima ardhi umri wangu wote," akasema, "tupu sijaiona. Hata jiwe lina mwenyewe."

Nikangoja kufokewa. Badala yake akatoa barua aliyomwandikia dada yake Unguja wiki aliyofika hapa, kijana bado, akaisoma kwa sauti: "Wenyeji wa Ibra ni wema lakini hawana huruma. Humnywesha mgeni kahawa mpaka azidiwe. Leo nimenyweshwa vikombe kumi na kimoja." Hakujua kwamba aliyetosheka hukitikisa kikombe. Yeye akikirudisha kwa adabu, nao kwa adabu wakijaza. "Na wao walisemaje juu yako, ami?" "Kwamba watu wa Unguja wana kiu ya ngamia! Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa jikoni kwao akiichemsha kahawa ile. Alinicheka mpaka uzeeni."

Mgeni wa wiki moja huandika kwa uhakika ambao mwenyeji hana. Ila jirani yangu alikaa, akachekwa, akaoa. Wale Waingereza waliyachapisha yao, kisha wakayachukua mashamba.

"Sahihisha safu yako, mwanangu, nipate kuisoma," aliniambia. Nikaahidi. Nikaandika rasimu saba, na kila moja ilikuwa na neno lisilonituliza. Kila Ijumaa baada ya sala akiuliza, "Tayari?" "Bado kidogo, ami." "Haya. Na mimi bado kidogo." Tukicheka wote wawili.

Msibani kwake nilipewa kahawa, nikasahau kukitikisa kikombe. Nikajaziwa mara nne.

Basi ami, masahihisho ndiyo haya: ardhi ile haikuwa tupu, na wenyewe walikuwa wakilima. Rasimu saba nimezifuta. Hii nimeiandika asubuhi moja, na naipeleka bila kuisoma tena.