Safari ya Olenguruone kwa Mtoto Aliyesalimia Wafu

Niliondoka Nakuru kwa sababu ya ujumbe ulioletwa asubuhi na dereva wa lori la pareto: Chebet, binti wa dada yangu, alikuwa akiongea na marehemu mama yetu. Mimi ni dresa, mfunga vidonda wa hospitali, si mtu wa mizimu. Hata hivyo nilipanda lori lilelile.

Kupita Molo, ukungu ulifunika barabara. Dereva aliwasha taa na kupunguza mwendo.

Olenguruone tulifika alasiri. Wazee walikuwa wamemzunguka mtoto wakitaja majina ya ukoo, kama tufanyavyo kwa mtoto mchanga mpaka apige chafya, tujue ni nani kati ya wafu wetu amerudi ndani yake. Chebet, wa miaka sita, alikuwa akichuma hewani vitu tusivyoviona.

"Kogo, karibu, kaa hapa," akaambia kigoda kitupu. Kogo ni nyanya, yaani marehemu mama yetu.

"Hawezi toka mpaka jina ya anayemwita ijulikane," mzee mmoja aliniambia. "Ukimhamisha saa hii, nusu yake itabaki."

Kubishana naye kungekuwa kutwanga maji. Nikaomba nitaje jina moja tu, nikataja la mpishi wetu wa hospitali.

"Huyo ako kwa mlango," Chebet akasema. "Kofia yake imelowa."

Wazee waligeukia mlango. Hapakuwa na mtu.

"Mzee, huyo mpishi yuko hai. Leo asubuhi amenipa uji. Mtoto haitwi, ni mgonjwa."

Nikamsogeza mwangani. Mboni zilikuwa zimepanuka, macho meusi tii. Ulimi mkavu, ngozi ya moto bila jasho.

"Amekula nini?"

"Jana jioni jino lilimsumbua," dada akajibu. "Nikamwekea mbegu za ile maua nyeupe kama tarumbeta."

"Alizitema?"

"Alizimeza," dada akasema, nami nikawaambia kwamba mbegu hizo ni sumu inayomfanya mtu aone wasiokuwapo.

Mzee mwenyewe ndiye aliyembeba mpaka kwenye lori. Njia nzima ya kurudi Chebet alisalimia watu gizani, na dereva hakuthubutu kutazama pembeni.

Nakuru, daktari alimsafisha tumbo, tukakesha. Kesho yake mchana aliomba maji.

"Kogo yuko wapi?" dada akamwuliza.

"Si alikufa?" Chebet akasema, akaendelea kunywa.

Nililojifunza nawaambia wa nyumbani: mtoto akipotewa na akili ghafla, angalieni macho na ulimi, ulizeni alichokula, mkimbilieni daktari, anayemwita mtamwuliza baadaye. Nilifurahi mno, nikamgeukia dada tucheke pamoja. Alikuwa akilia.

"Asante, ndugu yangu," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nimeamini mama amekuja kutuona."