Gauni la Magazeti Mawili

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana siku ile nilichekwa na kanisa zima na sikufa, ingawa nilitamani.

Dada yangu Paulina alikuwa anaolewa na kijana wa Newala. Mama yetu alikwisha fariki, na mimi pale Lisekese nilikuwa na cherehani ya mkono (nilishona kaptula za shule na viraka, basi), naye akasema gauni lake la harusi nitashona mimi, hataki fundi mwingine. Nilifurahi nikashindwa kula.

Shangazi, Mama Anjela, ndiye aliyeanza. Alikuwa akimfulia nguo bibi mmoja wa misheni, na bibi yule akimaliza kusoma magazeti yake ya akina mama kutoka Uingereza humpa yeye. Akaniletea moja lenye waridi kwenye jalada, na ndani yake karatasi kubwa iliyochorwa mistari ya kukatia gauni. Kesho yake akaja mama mdogo, Mama Daudi, na gazeti lenye picha ya kofia, alilolinunua sokoni Masasi kwa watu waliotoka Nachingwea, ambako wake za Wazungu wa mradi wa karanga walikuwa wakiyatupa magazeti yao. Nalo lilikuwa na karatasi yake.

"Hilo la waridi ni la vikongwe," akasema Mama Daudi. "Mtoto wa dada yangu aolewe kama bibi kizee?"

"Lako lilikuwa linafungiwa karanga, bado lina mafuta!" akajibu Shangazi.

Wakanigeukia. Ningetaja moja tu mambo yangekwisha, lakini haya zilinishika, nikasema yote mazuri, kisha nikaamua kukata kifua kwa gazeti la waridi na mikono kwa gazeti la kofia, ili kila mmoja aone chake.

Kumbe magazeti yale yalikuwa yakishindana huko kwao, na kila moja lina desturi yake. La waridi lilikwisha weka nafasi ya mshono ndani ya mistari, la kofia lilitaka mshonaji aongeze mwenyewe (iliandikwa chini kwa herufi ndogo za Kiingereza, nami nilijua kusoma namba tu), basi mikono niliikata juu ya mstari wenyewe, ikatoka myembamba. Kumuuliza bibi wa misheni niliogopa. Kumjaribisha dada haikuwezekana, kwa sababu alikuwa amewekwa ndani na akina mama, hata mimi nduguye, kwa kuwa mwanamume, sikuruhusiwa kumwona. Nililetewa kamba yenye mafundo, hiki kifua, hiki kiuno, hapa urefu. Mikono hakuna aliyeipima, nami sikuirudisha kamba ili wapime.

Asubuhi ya harusi walimsukumiza ndani ya gauni, wakisema nguo za kizungu ndivyo zilivyo, hubana.

Basi padre akamwambia ainue mkono avishwe pete. Akauinua. Nilisikia mshono ukiachia, kuanzia kwapani hadi karibu na kiuno, na dada kwa kushtuka akavuta mkono wa pili ajifunike, nao ukafumuka. Upande wa wanawake mtu mmoja akacheka, kisha wengi.

"Mikono hiyo ni ya gazeti lako, Mama Daudi!"

"Na kifua kilichoivuta ni cha nani?"

"Kina mama," padre akasema, "hapa ni kanisani."

Mtu akamrushia dada kanga, akaolewa amejifunga kanga, analia, na jioni akapanda lori la Newala bila kuniaga.

Baada ya mavuno nilikwenda kumwomba radhi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akajibu, akanipikia ugali na kisamvu, hakunikaripia. Kesho yake alfajiri nikamsindikiza kuteka maji, na mnajua Newala maji yako mbali, bondeni huko, wanawake hupanda nayo kilima. Alipoinua ndoo kujitwika, mwanamke mmoja akaita, "Fumbeni macho, kwapa hilo linafumuka!" Wote wakacheka. Dada akaishusha ndoo, akasubiri mpaka wote wameondoka, ndipo akajitwika. Akaniambia hufanya hivyo kila siku, ndiyo maana hufika nyumbani jua limekwisha kuwa kali na mumewe hugomba.

Tangu siku ile mtu akiniletea karatasi nisiyoielewa mimi humwambia usoni kwamba sijui, hata akasirike, hata anidharau. Dada yangu nilimwambia hivyo hivyo pale njiani, kwamba sikujua na niliona haya kuuliza. Akasema, "Ungesema," kisha akatangulia na ndoo yake.