Joho la Mtani Wangu

Usiku ule nililala na hasira, maana mchana wake nilimwona balozi wetu wa nyumba kumi akipongezwa kwa kifo cha Amosi.

Amosi alikuwa Mhehe, mimi Mngoni, watani wa jadi. Mimi nafundisha nadharia za fizikia chuoni. Yeye alijiita Jambazi wa Jua, akavaa joho jeusi, akasimika vyuma vya kunasa radi juu ya paa lake na kuutishia mtaa: "Msiponisalimia, nazima jua!" Kila jioni nilienda kwake kunywa chai, tukibishana kuhusu radi mpaka mama yake anatufukuza. Watu walivicheka vitisho vyake. Kisha transfoma ikaungua, mtaa ukawa giza, na balozi akapaza sauti: si alisema mwenyewe? Wakampiga mpaka akafa. Kumbe kilichoiunguza ni waya wa wizi uliovutwa hadi kwenye mashine ya kusaga ya balozi. Niliuona kwa macho yangu! Nilipowapeleka polisi pale, waya ulishaondolewa. Wakanidai ushahidi.

Basi, nimesimama darasani, naandika, chaki haitoi alama. Nikageuka. Amosi amekaa dawati la mbele, na joho lake, uso umevimba vilevile kama tulivyomzika. Nikalia. Mara darasa limekuwa ua wa msiba, na balozi anakula wali, anajilamba vidole.

"Mngoni we," Amosi akasema, "umenizika kimya kama mtu asiye na mtani."

Kweli. Kwetu mtani humwigiza marehemu msibani, akasema lolote, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Siku ile nilitupa udongo tu, nikaondoka.

"Nitamuua huyu," nikasema.

"Ili iweje? Polisi wanadai ushahidi. Mtani hadaiwi." Akavua joho, akanivika. Ni zito, linanuka damu. "Njoo arobaini yangu. Sema kwa sauti yangu. Waya uutaje, mashine uitaje, na yeye umtaje kwa jina, mama asikie."

Nikaamka nimekunja ngumi, kumekucha. Nikampigia mama yake simu.

"Shikamoo mama. Naomba joho la Amosi, nilivae arobaini."

"Marahaba mwanangu. Nimeshalifua. Na balozi nimemwekea kiti cha mbele."