Tuni ya Maadui

Leonte alipiga kinanda cha mkono kwenye harusi tangu akiwa na miaka tisa, siku zile kinanda kikimfunika kifua chote, watu wakiona macho na vidole tu. Babake alikuwa mpigaji, na babu yake vilevile. Katika mtaa wa kabila lao la Waroma pale Vadu, hatua chache kutoka mto Danubi, ukisema Leonte alifundishwa muziki utachekwa. Samaki hafundishwi kuogelea.

Harusi za kwao zina wakati wake. Waalikwa wameshakaa, kabichi iliyoviringwa nyama imeshaliwa, gongo ya plamu imeshawapanda watu kichwani. Hapo mwanamume hutoka mezani, humbandika mpigaji noti pajini na kuagiza wimbo wa kuwasema maadui zake. Mpigaji humtaja kwa jina, humsifu nguvu zake na wanawe, kisha huwaponda wenye wivu. Mara nyingi maadui wenyewe wako meza ya pili, wanakula.

Tuni ya kazi hiyo Leonte aliitunga mwenyewe, majira ya baridi alipokuwa na miaka thelathini na sita. Ilianzia chini kama mtu anayenong'ona, ikapanda mara tatu, kisha ikasimama. Kimya kidogo tu, kama pumzi moja, halafu ikashuka kwa kishindo. Kwenye kile kimya ndipo wanaume walipopiga meza ngumi. Katika mwaka mmoja kila mpigaji wa mkoa wa Teleorman alikuwa ameiiba, na Leonte alitembea kifua mbele.

Mwezi wa tisa, Jumapili alasiri, alipiga kwenye harusi chini ya turubai. Mtu mmoja aitwaye Gicu aliagiza wimbo wa maadui. Akauagiza tena. Mara ya tatu alisimama akaigeukia meza ya kijana Sandu na kumwelekezea kidole kila mstari. Sandu alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto pekee wa mjane Paraschiva, ambaye mtaa wote ulimwita Chiva. Yeye na Gicu walikuwa na ugomvi wa farasi, ugomvi wa kipuuzi. Sandu alisimama. Gicu akanyoosha mkono mezani, kwenye sahani ya nguruwe wa kuchoma, akashika kisu.

Leonte alikiona.

Sasa, wapigaji wana sheria yao: ugomvi ukizuka, usiache kupiga. Ukiacha, turubai zima litageuka kutazama, na ugomvi wa watu wawili utakuwa wa koo mbili. Leonte alifumba macho akaendelea. Alipofika penye kile kimya alisikia kitu kikianguka, akadhani ni benchi. Akashuka kwa kishindo kama kawaida.

Gicu alifungwa. Sandu alizikwa amevaa suti ya harusi ileile, imefuliwa. Hakuna hata mmoja aliyewalaumu wapigaji. Nani anamlaumu mpigaji? Na hilo ndilo lililomtafuna Leonte, kwa sababu mtu akikulaumu unaweza kumjibu.

Tuni ikaanza kumfuata. Cherehani ya mkewe Safta ilikuwa ikiipiga. Pampu ya maji uani ilipanda mara tatu, ikakwama, ikamwaga. Akiwa kwenye harusi ya watu wengine kabisa, watu wema, vidole vyake vilikuwa vikiteleza kuelekea huko vyenyewe, naye anavivuta kama mbwa wa mtu. Siku moja katikati ya ngoma ya bibi harusi alikifunga kinanda, akakiweka chini, akarudi nyumbani kwa miguu.

"Unaumwa?" Safta akamuuliza.

"Siumwi. Sipigi tena."

"Basi njoo na mimi," Safta akasema. Yeye alikuwa ameshaokoka mwaka mzima, na mumewe alikuwa akimtania kila Jumapili. Safari hii hakutania.

Kanisa la walokole pale Vadu lilikuwa chumba kirefu kilichojengwa na Mchungaji Zaharia kwa mikono yake, maana kazi yake ilikuwa uashi. Siku chache kabla ya ubatizo Leonte alileta gunia la kaseti, za kwake na za wenzake, akazitia kwenye pipa uani akawasha moto. Plastiki ilinuka mtaa mzima. Mchungaji alisimama kando akikohoa.

"Na kinanda?"

"Ukisema nikichome, nakichoma."

"Sijasema ukichome, ndugu. Nimeuliza kitakuwa cha nani."

Basi kinanda kikawa cha kanisa. Leonte alipiga nyimbo za sifa miaka kumi na moja, akaacha redio, akaacha hata kusimama penye duka la njia panda ambako walikuwa wakipiga muziki tangu asubuhi. Jirani walimcheka: "Leonte anapita dukani kama farasi aliyefungwa macho!" Hakujali. Jambo moja tu hakumwambia mtu. Kaseti ziliungua, tuni haikuungua.

Mwaka wa nne, Chiva naye aliokoka. Aliketi upande wa wanawake, benchi la tatu, kitambaa cheusi kichwani, na kwa kuwa mpigaji hukaa akiwatazama watu, Leonte aliutazama uso ule kila Jumapili. Wakikutana mlangoni Chiva husema, "Amani, ndugu Leonte," naye hujibu, "Amani, dada Chiva." Miaka saba hawakuzidisha neno.

Ndipo Rebeca, binti wa Mchungaji, aliporudi kutoka Hispania alikokwenda kuchuma stroberi. Ijumaa jioni, kwenye mazoezi ya kwaya, aliweka simu juu ya benchi.

"Mjomba Leonte, hebu sikiliza hii. Kule mkutano mzima ulilia."

Ilianzia chini kama mtu anayenong'ona.

Maneno yalikuwa mengine, ya damu ya Mwana-Kondoo na adui aliyeshindwa. Lakini ilipanda mara tatu, ikasimama, na pale penye kimya umati mzima ukapaza sauti: Haleluya!

"Zima."

"Haijaisha, Mjomba."

"Nimesema zima. Hii hatuimbi. Ni ya dunia."

Vijana wakatazamana. Rebeca alikuwa na ulimi. "Mjomba wangu, na ule tuliomwimbia Bwana Jumapili iliyopita? Bibi anasema ukoo wetu uliutumia kuchezesha dubu."

Kwaya ikaangua kicheko. Leonte hakucheka. Mchungaji Zaharia alikuwa mlangoni na ndoo ya chokaa, akaiweka chini.

"Ndugu, kuna nini?"

"Tuni hii haifai, Mchungaji."

"Tuni ni mkokoteni. Jana ulibeba samadi, leo unabeba mkate."

"Ukioshwa."

"Na damu ya Yesu haioshi mkokoteni?" Mchungaji alisema kwa upole, lakini vijana waliguna kwa furaha kana kwamba amefunga goli. "Mtume Paulo alisemaje habari za nyama zilizotolewa kwa sanamu? Sanamu si kitu. Nyama ni nyama. Au kuna jambo unalijua wewe tusilolijua sisi?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Leonte alifungua kinywa. Alimwona Rebeca, ambaye siku ile ya turubai alikuwa mtoto wa shule tu, akimsubiri, mkono kiunoni.

"Nilikuwa naipiga zamani," akasema. "Basi."

"Sote tulikuwa na zamani," Mchungaji akajibu. "Tuuimbe Jumapili, tuone Roho anasemaje."

Jumapili waliuimba, naye akapiga. Hakuhitaji hata kutazama vibonye. Vidole viliikimbilia tuni kama ng'ombe wanaojua zizi. Kanisa likasimama lote. Chiva naye akasimama, ila kinywa chake kilikuwa kimefungwa. Ilipopanda mara ya tatu alishika mgongo wa benchi la mbele. Penye kimya watu wakapaza Haleluya, na Chiva akageuza uso ukutani kama mtu aliyepigwa kofi.

Usiku ule Leonte hakula. Jumatatu asubuhi alikwenda kwake.

Alimkuta barazani akijaza manyoya ya bata bukini kwenye foronya. Ndiyo kazi iliyomlisha tangu awe mjane. Manyoya yalikuwa yamemkaa nyusini na mabegani.

"Karibu, ndugu. Usifunge mlango kwa nguvu, yataruka."

Aliketi. Alianza kusema juu ya baridi ya mwaka huu.

"Leonte," Chiva akamkata, "hujaja miaka kumi na moja. Leo umekuja kuniambia baridi?"

"Ule wimbo wa jana."

"Nimeusikia."

"Nitamwambia Mchungaji yote, auondoe. Nimekuja kukuambia kwanza."

"Umwambie nini? Kwamba ndio ule? Mimi niliujua kabla hujafika katikati. Unadhani nilikuwa wapi siku ile? Nilikuwa jikoni nyuma ya turubai, naosha sahani za watu." Alikaza uzi kwa meno. "Unataka uondolewe kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?"

Leonte alianza kuokota manyoya yaliyomwangukia magotini.

"Basi na mimi nikuulize. Nimetaka kukuuliza kila Jumapili, nakuona umekaa pale mbele na kinanda chako, nasema leo nitamuuliza, naogopa. Mwanangu alipoanguka, muziki ulinyamaza. Niliusikia ukinyamaza. Halafu mayowe yakaanza na sikusikia kitu tena. Nimejiambia miaka yote hii kwamba mtoto wangu alikufa watu wamenyamaza, wamemwona. Ndivyo?"

Angeweza kusema ndiyo. Alinisimulia baadaye mimi niliyekulia mtaa huohuo, naye mzee amekwisha kuwa na mvi hadi nyusi, kwamba neno lile dogo lilimjia ulimini lenyewe, tamu, na ya kuwa hajawahi kutamani kusema uongo kama siku ile.

"Sivyo," akasema. "Kile kimya ni cha wimbo. Ndivyo nilivyoutunga. Niliona kisu nikafumba macho, nikaendelea. Nilipiga hadi mwisho, dada. Beti mbili zaidi."

Chiva aliacha mikono ndani ya manyoya. Bata mmoja alilia uani. Kisha akasema, si kwa hasira, "Beti mbili." Na tena, "Zilizosema nini?"

"Kwamba wenye wivu wafe."

Hakulia. Alimwambia aende, naye akaenda, na siku ile Leonte alijua mwanamke yule hatakanyaga tena kanisani, na kwamba ni yeye aliyemtoa.

Jumapili iliyofuata Chiva alikuja. Kabla ya ibada alimwendea Mchungaji na Leonte mbele ya mimbari. Leonte alikuwa ameshamweleza Mchungaji kila kitu, na Zaharia alikuwa amekonda kwa siku sita.

"Dada, tumeuondoa," Mchungaji akasema. "Nisamehe. Paulo alisema mengine pia juu ya nyama ile ya sanamu, kwamba tusimkwaze ndugu, mimi nilikomea nusu."

"Usiuondoe," Chiva akasema. "Watoto wanaimba kwa moyo mweupe. Wao hawajaila nyama ile. Mimi nimeila, na huyu." Akamgeukia Leonte. "Wakianza, mimi nitatoka nje. Na wewe utatoka na mimi. Hutaupiga tena, hata kwa Mungu. Na hutauacha upite bila kusimama."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mara Rebeca alipoanzisha wimbo ule bila kinanda, kwa makofi tu, wawili hao walitoka na kusimama uani karibu na pampu ya maji. Hawakuongea. Kuta za Zaharia zilikuwa nyembamba, na kila kitu kilisikika. Leonte alitazama viatu vyake. Penye kimya Chiva alivuta pumzi na kuishikilia, na kilipoisha aliiachia; na wimbo ulipoisha wakarudi ndani. Mvua ikinyesha walitoka. Theluji ikianguka walitoka, Safta akiwarushia shali mlangoni. Mwanzoni watu walinong'ona: "Hawa wazee wana nini huko nje?" Safta aliwajibu, "Wana posa, mnataka kuchangia?" na minong'ono ikaisha.

Vijana wakaanza kumwendea Leonte na simu zao. Walitaka awaambie upi halali, upi haramu. Wazazi wengine walitaka orodha kabisa, waibandike ukutani. Hakuwapa. Aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, hata ule wa matusi, kisha akauliza, "Ukiwa unausikiliza huu, unamwona nani mbele yako?" Mmoja alisema anamwona msichana. Mwingine, baada ya kusitasita, akasema anamwona kaka yake wa kambo amelala chini. Huyo Leonte alimshika mkono akamwomba, akamwomba kabisa, asiusikilize tena. Sijui kama aliacha.

Chiva alimwambia neno moja tu kabla ya kufa, mwezi wa pili, akiwa kitandani juu ya mito yake mwenyewe. Leonte alikuwa amekuja na Safta kumletea ugali wa njano na maziwa. Chiva alimtazama akasema, "Nilijaribu kukusamehe. Sehemu nimeweza." Leonte alikubali kwa kichwa. Alisema hiyo nayo ni kubwa.

Baada ya maziko aliendelea kutoka nje peke yake, miaka miwili hivi. Kisha vijana walipata nyimbo nyingine, na ule ukasahauliwa. Rebeca ameolewa Zaragoza na kwaya ina kiongozi mpya ambaye hata haujui. Zamani Leonte alijua saa yake: wimbo ukianza atasimama, ukiisha atarudi ndani. Sasa hauimbwi popote, na kwa sababu hiyo hauna saa. Humjia akinyoa ndevu. Humjia akishika mkono wa mtu kumpa amani. Hupanda mara tatu, na hapo mzee huacha anachokifanya, husimama wima mahali alipo, na mtu anayezungumza naye hulazimika kungoja.