Kiganja cha Mpimaji

Mpimaji wa maabara hupuliza vidole vyake kabla ya kumshika mtoto, ili visimshtue kwa baridi. Akidondosha majimaji ya damu kwenye vishimo vya kisahani cha plastiki, midomo humchezacheza kama mtu anayesali. Kumbe anahesabu tu. Kuna mama mmoja aliyefiwa na mmoja wa pacha wake; tangu msiba huo, majirani wameacha kumwita Mama Pacha. Mpimaji hajaacha.

"Mama Pacha, kaa, usinisimamie kama trafiki," alimwambia asubuhi alipofuata majibu ya binti yake. Bakteria waliomuua kaka mtu walimshika na dada mtu, naye akapona. Sasa mama alitaka kujua kama mwili wa binti umetengeneza kingamwili za kumlinda wakirudi. Kila mtoto aliyepimwa ana mstari wake wa vishimo kwenye kisahani, na kila aina ya kingamwili, kati ya nne, ina kishimo chake. Kikigeuka njano, ipo. Mama alisogea akimwomba Mungu chini chini, akaona mstari mweupe mtupu, mwanzo hadi mwisho. Akaunyooshea kidole.

"Huo wa nani, baba?"

Mpimaji aliufunika kwa kiganja. "Si wa binti yako. Tazama wa chini."

Mama akaelewa: wa juu ulikuwa wa marehemu, damu waliyomtoa wodini. Akatazama wa chini. Kishimo kimoja kilikuwa na njano hafifu, vitatu bado.

"Kimoja kinatosha?"

"Kwa leo kinatosha," akasema, na kiganja chake hakikutoka pale mpaka mama alipogeukia mlango.