Koti la Viza

Jirani yetu mpiga picha za pasipoti, hapa Msimbazi, ana koti moja jeusi ambalo kila mteja wa viza hulivaa. Hulikung'uta mabegani kwa kiganja, hukuinua kidevu kwa kidole, kisha hunong'ona, "Usicheke, dada. Ubalozini hawapendi meno." Jana Hajira, ambaye picha zake zilikuwa zikikataliwa kwa sababu ya kutabasamu, alirudi na viza ya kwenda kufundisha Kiingereza Vietnam. Mpiga picha hakutazama uso wake pale kwenye viza, alitazama kola. Akatuita sisi wauza vitenge. "Njooni muone, koti letu limepita." Mteja aliyefuata alipolivuta kutoka kwenye msumari linapotundikwa, mpiga picha alimshika mkono. "Taratibu, kaka. Huyo sasa ni mwalimu."