Uzi Ukiisha, Inuka

Usiku ule nililala na hasira, gauni la kazi limetundikwa msumarini linanitazama. Jioni yake Nassoro, nyapara wa karakana ya ushonaji, alinifuata nyumbani na salamu za tajiri wake.

"Bosi Twaha anasema kiti chako kipo, mama Zena. Kesho gari litakuja mpaka hapa mlangoni. Hutapiga hata hatua."

Alisema vile kama mtu anayenipa zawadi. Kiti hicho hicho ndicho nilichokuwa nimekikalia nilipoanguka. Kiharusi kilinibeba upande wote wa kushoto, mdomo ukaenda kando, na mguu nimeufundisha kutembea upya kama mtoto anayeshikilia ukuta. Dada wa mazoezi kule hospitali aliniambia bila kunificha: "Mguu huu umerudi kwa kutembea. Ukarudi kukaa kutwa, utakuacha tena, na safari hii sijui kama utarudi." Haya, nisiporudi kazini nitakula nini? Nilimwitikia Nassoro kwamba nitakuja. Nikalala.

Basi nikamwona Mwajuma.

Mwajuma tulikaa jirani pale karakana, cherehani zetu zimegusana, tumeshona sare za shule pamoja tangu Zena wangu ananyonya. Alifia kazini. Asubuhi moja aliinamisha paji la uso juu ya sketi ya bluu, sisi tukadhani anasinzia, maana mota ya cherehani yake ilikuwa bado inanguruma. Kumbe mguu wake ndio uliobaki umekandamiza kanyagio.

Katika ndoto anakuja kwa njia ya bombani, khanga kaifunga kiunoni, anatembea haraka kama anayewahi harusi. Natazama miguu yake. Haijavimba. Siku zake za mwisho miguu ile ilikuwa haiingii ndala.

"Shoga," ananiambia, "mbona umekaa?"

Najiangalia, kweli nimekaa. Njia ya bombani imeshakuwa karakana, na ni karakana ya zamani, ile ya cherehani za kukanyaga, na mpera wetu uko uani.

Zamani zile uzi ulikuja kwa rola ndogo. Ukiisha, unainuka mwenyewe, unavuka ua kwenda stoo kuchukua mwingine. Mwajuma akaanzisha mtindo wake: huendi stoo moja kwa moja, unauzunguka mpera kwanza, unanyoosha mgongo, ndipo unachukua uzi. Kila akiinuka husema, "Nakwenda kumsalimia mkwe." Akirudi tunamuuliza, "Mkwe hajambo?" Naye anajibu, "Hajambo, ila anamlaumu mama Zena, anasema ana makalio mazito." Karakana nzima inacheka, na anayetaniwa anainuka. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kazi ilikuwa nyingi, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kwenda kokote kufanya mazoezi, lakini kutwa nzima tulikuwa tunainuka.

Twaha alituona. Wala hakutugombeza, na huo ndio ujanja wake. Alituletea koni kubwa za uzi, ukiining'iniza unashona mpaka jioni bila kuona mwisho wake. Akafunga mota, miguu ikapumzika. Chai ikawa inaletwa kitini. Nassoro akawa anapita kukusanya vitita vya nguo, mtu asisumbuke kuvipeleka. Mwisho akaukata mpera, akaweka jenereta.

Na sisi tulipiga vigelegele! Tulisema tumepata tajiri mwenye huruma. Kila mtu akashona mto wake wa kitenge wa kukalia, tukashindana maua.

Twaha mwenyewe kila alfajiri yuko uwanja wa mpira na raba zake nyeupe, anakimbia, kitaulo shingoni. Watu wote wa mtaa wanamwona. Nataka hilo lijulikane. Alijua mwili wa mtu unataka nini, akautunza wake tu. Msibani kwa Mwajuma alileta gunia la mchele akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mungu hakuukata mpera ule. Aliyeukata ni Twaha, na aliyeshika shoka ni Nassoro.

Sasa ndotoni mpera haupo tena. Nasikia mota. Wanawake wamekaa safu hadi safu, kila mmoja kainamisha paji la uso juu ya kitambaa, na mota zinanguruma. Hakuna anayeinua kichwa. Kiti kimoja kiko wazi, na juu yake uko mto wangu, ule wa maua mekundu. Twaha amekishika kwa nyuma, na raba zake nyeupe miguuni. Anakimbia pale pale alipo, hasogei.

"Kaa, mama Zena," ananibembeleza. "Utachoka."

Magoti yangu yanaanza kukunjika. Nageuka, namwona Mwajuma mlangoni ananisubiri. Hofu ikanishika. Mama yangu alinifundisha: maiti akikuita ndotoni usimfuate, na akikupa kitu usipokee. Nikabaki katikati, huku kiti, huku marehemu.

Mwajuma akacheka, kicheko chake kile kile cha kuinama na kujipiga paja.

"Unaniogopa mimi, humwogopi huyo aliyekushikia kiti?"

Akanyoosha mkono. Mkononi ana rola ya uzi, lakini haina uzi, ni kibao kitupu.

"Sikupi kitu, shoga. Umeiona, imeisha. Uzi ukiisha, inuka. Kawaambie na wenzio."

Nikamuuliza lile ambalo ndilo lililonilaza na hasira. "Na nikifukuzwa?"

Hakucheka tena.

"Mimi nilikaa," akasema. "Nilibakizwa?"

Nikavuta mguu. Mzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa, lakini ukaja. Tukatoka uani. Pale kwenye jenereta kuna kisiki, na kisiki kinachipua, na kabla hatujakifikia kimekuwa mpera mzima. Tunauzunguka, yeye mbele, mimi nyuma. Nilipomaliza kuuzunguka nilikuwa peke yangu. Nasikia harufu ya mapera yaliyoiva, na mahali pengine honi inapigwa.

Honi ikawa ya kweli. Kumekucha, na gari liko mlangoni. Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, nikausugua mpaka ukaniuma, nikashukuru maumivu.

"Mama, kaa kwanza, nakuletea maji ya kunawa," Zena akasema.

"Acha. Bomba liko pale, na miguu ninayo."

Nilikwenda bombani kwa kushikilia ukuta, nikarudi bila kuushikilia. Nilivaa. Kisha nikalivuta boksi la chini ya kitanda, lenye rola ndogo za uzi nilizoziweka tangu enzi za cherehani ya kukanyaga. Nikazitia zote mkobani, nikauacha mto wa kitenge kitandani.

Nassoro alikuwa ameshafungua mlango wa gari. "Panda, mama Zena, tumechelewa."

"Tangulia. Nakuja kwa miguu."

"Kwa miguu hiyo?" Akacheka. "Utafika saa ngapi? Bosi atasema nini?"

"Mwambie mto wangu siji nao. Na koni yake aitundike mwenyewe. Mimi nakuja na uzi mdogo, na wanawake wote wa mle ndani nawaletea, kila mtu wake. Ukiisha tutainuka."

"Na mpera wenyewe haupo. Mtazunguka nini?"

Nikamtazama machoni, yeye aliyeshika shoka.

"Tutalizunguka jenereta lenu. Tangulia ukamwambie."

Gari likaondoka. Nikautanguliza mguu wa kushoto.